Ngozi ya Kuazima

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimepewa daftari kama mtoto wa shule. Madam Ciku, mshauri wa watoto kwenye kliniki fulani huko Kajiado, amenichorea safu tatu: Kabla, Alichofanya, Baada. Niandike kila siku. "Usiniandikie ati ana tabia mbaya, Mama Soipan. Andika kile macho yako imeona." Mimi ni fundi wa nguo, si karani wa polisi, lakini nimekubali. Safu zake nitazijaribu. Zikinishinda nitaandika ninavyojua.

Basi nianze. Jina langu ni Syokau. Nimeolewa na Sankale na tunaishi nje kidogo ya Noonkopir, nyumba ya vyumba vinne. Chumba cha mbele ndicho duka langu la kushona yunifomu, na huko nyuma kuna boma la mbuzi kumi na nne. Tuna mtoto mmoja aliye hai, Roy, wa miaka mitatu. Watu bado wananiita Mama Soipan. Soipan ndiye aliyekuwa wa kwanza, homa ikamchukua akiwa na miaka tisa. Sijaweza kuwaambia watu wabadilishe jina.

Jana tumeletewa Kakenya. Ana miaka kumi na mmoja. Ni mtoto wa Priscilla, dadake Sankale, aliyefariki msichana huyu akiwa wa miaka minne. Tangu hapo alikaa kwa nyanya yake huko Tuala, akarudishwa. Akapelekwa bweni, akarudishwa. Akakaa Nkoroi kwa Lesiamon, kaka mkubwa wa Sankale, mpaka Agosti alipowasha godoro moto mchana huku watoto wawili wamelala juu yake. Walitoka salama. Alipoulizwa kwa nini, alisema alikuwa anataka kuona.

Lesiamon amesema wazi kwamba sisi ndio nyumba ya mwisho. Atakuja Jumamosi ya tarehe sita Desemba. Tukiwa tumeshindwa, anampeleka kwenye makao ya watoto walioshindikana, na huko, kwa nilivyosikia, hakuna anayetoka akiwa bado anajua jina la mamake.

28 Oktoba

Kabla: nilikuwa nachemsha chai.
Alichofanya: aliingia akaniinamishia kichwa, vile watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wakubwa, ili mkubwa amguse utosini.
Baada: nilikuwa nimeshika sufuria. Nikasema, "Umeamkaje?" Akangoja kidogo, kisha akainuka.

Hapo hakuna kosa. Hata sijui kwa nini nimeandika.

29 Oktoba

Alisimama mbele ya picha ya Soipan, ile iliyo juu ya kabati.

"Huyu ndiye alikufa?"

"Ndiye."

"Mwisho alikuwa anapumua aje, Anti? Haraka ama polepole?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mteja anayeuliza kama vifungo vyeupe vimebaki. Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, na kambani hapakuwa na nguo.

31 Oktoba

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi linaloloa, watu wote wa Noonkopir milangoni wakicheka kama walevi.

Mvua ikianza huwa naangalia sanduku la bati lililo chini ya kitanda, nisije nikakuta unyevu umeingia. Humo mna vitu vya Soipan. Vingine nilivifua. Sweta yake ya njano sikuifua, na sitaifua. Bado ina harufu yake, chaki na yale mafuta ya nazi aliyokuwa akijipaka mpaka anang'aa. Naifunua, naiweka usoni, naifunga tena. Sankale anajua.

Leo nilipoinua uso Kakenya alikuwa mlangoni. Sikusikia akija. Miguu ya mtoto huyu haina sauti hata kwenye sakafu ya simiti. Nikafunga sanduku nikarudisha ufunguo mahali pake.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani aliinamisha kichwa kwa kila mtu mzima, akaguswa na kila mtu mzima. Nilihesabu mikono kumi na tisa. Akabeba kiti cha bibi mmoja, akamwokotea mwingine miwani. Kina mama wakanizunguka. "Mama Soipan, Mungu amekukumbuka! Msichana mpole hivi!" Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Njiani kurudi nyumbani sura yake ilizima, kama duka linapofungwa.

4 Novemba

Kabla: kuku wangu alikuwa na vifaranga saba.
Alichofanya: nilimkuta amechuchumaa kando ya beseni la maji, mkono umezama mpaka kiwiko.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Inakaa mpaka ngapi."

Nikamvuta mkono. Kiganjani kulikuwa na kifaranga, manyoya yameshikamana, shingo imelegea. "Ilifika arobaini na moja," akaniambia, kama mtoto anayeleta matokeo ya mtihani.

Baada: nilimchapa viganja kwa rula yangu ya mbao. Hakulia. Alitazama ngozi yake inavyovimba, kwa umakini ule ule aliokuwa nao juu ya beseni. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nyuma ya nyumba, kwa hasira na kwa woga. Nasema ukweli: nilimwogopa mtoto wa darasa la tano.

5 Novemba

Kuna oda ya yunifomu za msichana wa miaka tisa. Kifua, mabega, urefu wa sketi, vipimo vyote ni vile vile. Duka lilikuwa tupu. Nilishona, nikalia, nikaendelea kushona.

6 Novemba

Dukani nina kioo kirefu cha wateja kujitazamia. Kakenya alikuwa mbele yake. Anateremsha mdomo upande mmoja, anatetemesha kidevu, anafumba jicho moja kabla ya lingine. Anaacha. Sura inarudi tambarare. Anaanza tena.

Ilinichukua muda kuitambua sura ile. Ilikuwa yangu, ya jana, nikiwa nadhani niko peke yangu.

Akaniona kwenye kioo. Hakushtuka. "Anti, hapa kwa kidevu unafanyanga aje?"

Nilisahau hata kumfukuza. Nilirudi jikoni nikakaa, mikono magotini, mpaka chai ikamwagikia jiko.

Jumatatu, 10 Novemba

Kajiado kwa Madam Ciku. Nilimsomea yote, kifaranga, kioo, swali la kupumua. Nilipomaliza nikamwambia nilichokuwa nimekivumilia wiki mbili: "Huyu mtoto ako na kitu ndani yake. Kwetu Makueni tungeshaita watu wa kuombea."

"Ombeni, sikatazi," akasema. "Lakini kwa hii ofisi hakuna mtoto anaitwa shetani."

Akanieleza polepole. Kuna watoto wanaokosa adabu kwa sababu hasira yao ni ya karibu: wanapiga, kisha wanajuta. Na kuna wachache ambao woga wao ni mdogo tangu utotoni, na uchungu wa mtu mwingine hauwafikii. Wanauona, hauwaingii. Wengine hali hiyo wamezaliwa nayo kiasi, na nyumba ya kuhamahama inaizidisha. Mtoto wa aina hiyo ukimchapa unajichosha tu, maana fimbo inaongea na woga, na woga hana. Kinachomfikia ni kile anachokipata akifanya vizuri, kitu kidogo, palepale, kila mara. Kingine ni mtu anayemchangamkia bila kuchoka.

"Na atapona?"

"Sijasema ni mgonjwa. Anaweza kujifunza. Utaratibu wake utakuwa tofauti na wako." Kisha akainua kidole. "Na Roy asiachwe na yeye peke yao. Hata dakika moja. Hiyo si chuki, ni usalama wa wote wawili."

13 Novemba

Mvua. Umeme hakuna. Aliniinamishia kichwa asubuhi. Nilikuwa na pini mdomoni na nguo mikononi.

14 Novemba

Kichwa. Nilikuwa namvisha Roy.

15 Novemba

Kichwa. Nilikuwa nahesabu zipu.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimeanzisha vifungo. Akifanya kazi aliyoagizwa anapata kifungo kimoja, anakiweka kwenye chupa yake. Nilidhani atanicheka. Wapi! Ameosha vyombo, amefagia boma, amepanga nyuzi zangu kwa rangi kutoka iliyokolea hadi iliyopauka. Kila akimaliza ananyoosha mkono. Akipata kifungo anakiangalia pande zote mbili kabla ya kukitia ndani.

Anazipenda sheria. Anataka azisikie neno kwa neno.

"Sheria ya Roy ni gani?"

"Roy haendi karibu na maji bila kushikwa," Sankale akamwambia. Korongo lililo nyuma yetu limeanza kupitisha maji. "Kushikwa ama kufungwa kamba. Unasikia?"

"Kushikwa ama kufungwa kamba," akarudia.

19 Novemba

Vifungo vitano kwa siku moja. Nimejikuta nikimsifu na nikimaanisha. Kisha usiku nimefunga mlango wa chumba tunacholala na Roy kwa komeo.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika usiku huu huu.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sankale alikuwa amepeleka mbuzi wawili sokoni. Mchana ikapungua, na mama mmoja akaja kuchukua sketi za wanawe. Sketi moja ilikuwa na pindo lililopinda, akataka nilirekebishe akiwa amesimama hapo hapo. Roy alikuwa miguuni pangu na gari lake la mkebe, Kakenya jikoni. Nikakaa kwenye mashine, nikashona pindo moja tu. Lile nililoambiwa na Ciku, hata dakika moja, nilikuwa nalo kichwani kabisa. Pindo moja tu.

Nilipoinua macho gari la mkebe lilikuwa sakafuni na Roy hakuwepo. Jikoni hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye ule udongo mweusi kulikuwa na nyayo, kubwa na ndogo, zikielekea korongoni. Hazikuwa za watu wanaokimbia. Zilikuwa za watu wanaotembea pole pole, wameshikana mikono.

Sikumbuki nilivyofika. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Korongo lilikuwa limejaa, maji ya kahawia yanayobeba matawi, na sauti yake inasikika mpaka ndani ya meno. Roy alikuwa amesimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu vikiwa vinaning'inia hewani. Kakenya alikuwa nyuma yake, hatua kama kumi, amechuchumaa, kidevu mkononi. Anamtazama mwanangu vile alivyokuwa anatazama beseni.

Nilitaka kupiga kelele, nikaogopa Roy atageuka ateleze. Nikatambaa. Nikamfikia, nikamkumbatia kwa nyuma, tukaanguka wote wawili kwenye majani. Hapo ndipo nikahisi kitu kinanikata tumboni. Ilikuwa mikanda ya kitambaa cha yunifomu, vile vipande ninavyotupa, imesukwa mitatu mitatu. Ilikuwa imefungwa kiunoni mwa Roy kwa mafundo mawili, na mwisho wake umezungushiwa shina la mgunga mara nne.

"Nilimfunga," Kakenya akasema. "Hawezi enda."

"Ulimleta hapa ufanye nini?"

"Nilikuwa nataka kuona kama ataogopa. Mimi siogopangi. Nilikuwa nataka kuona inakaa aje kwa mtu mdogo."

Nilimpiga kofi. Kwa nguvu zangu zote, na nina mikono ya kusukuma mashine. Kichwa chake kiligeuka, kikarudi polepole. Mdomo ulikuwa na damu. Kisha akateremsha midomo upande mmoja, akatetemesha kidevu, akafumba jicho moja kabla ya lingine. Sura yangu. Alinionyesha sura yangu pale pale kwenye mvua, akingoja aone kama ndiyo inayotakiwa.

23 Novemba

Sankale ameongea na Lesiamon kwa simu. Tarehe sita anaenda. Mimi nilisema sawa. Hata sikusita.

Jumanne, 25 Novemba

Ciku. Nilidhani atanilaumu kwa pindo, na alinilaumu, kwa sentensi moja. Nikamwambia tumeamua.

Aliuliza habari ya kamba mara tatu. Imesukwa kwa muda gani? Fundo ngapi? "Agosti aliwasha godoro na hakufikiria watoto watatoka aje," akasema. "Novemba amefunga mtoto fundo mbili kabla ya kufanya ujinga wake. Sikuambii umshangilie. Nakuambia hicho ni kitu hakikuwa hapo mbele."

Kisha akachukua daftari langu, akageuza kurasa moja moja kwa kidole chake. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Umeandika wiki nne, Mama Soipan. Nionyeshe mahali umemgusa."

"Hapo, tarehe nne."

"Umemchapa. Nimeuliza kumgusa."

Nikalichukua daftari. Nikatafuta. Nilikuta sufuria, pini, zipu, Roy. Nilikuta rula na kofi. Nikafika ukurasa wa mwisho nikaanza tena, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Watu kumi na tisa kanisani walimgusa kichwa kwa asubuhi moja, na mimi nilikuwa nimewahesabu.

26 Novemba

Kichwa. Leo mikono yangu ilikuwa mitupu. Niliitia mfukoni.

29 Novemba

Mvua siku ya nne mfululizo. Shati hazikauki. Kakenya amepanga begi lake bila kuambiwa. Ameuliza kama huko anakoenda kuna kioo.

Jumatatu, 1 Desemba

Mbuzi wawili wamezaa kwenye baridi hii. Mmoja amekufa akiacha kitoto chake. Wa pili, yule mweupe mwenye pembe moja, yuko hai, lakini kitoto chake kimekutwa kimekufa jioni nyuma ya boma. Kakenya alikuwa ameketi kando yake, amelowa chapachapa.

"Umekifanya nini?" Sauti yangu haikuwa yangu.

"Hakuna. Ilikufa yenyewe. Nilikaa nayo."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ianze kufa."

Sankale akakigeuza, akakitazama shingo, mdomo, mbavu. Hakupata alama. Alisema ni baridi. Sijui. Nitaandika kwamba sijui, na sitajua.

Jumanne, 2 Desemba

Asubuhi Sankale alikichuna kile kitoto kilichokufa. Akatoboa matundu manne kwenye ngozi, akakivisha kile kitoto yatima, miguu ikatokea kwenye matundu kama kwenye fulana. Nimeolewa huku miaka kumi na minne na jambo hili bado linanisisimua mwili, kumwona mnyama aliye hai akitetemeka ndani ya mwenzake, mikia miwili ikining'inia.

Kakenya alikuwa amechuchumaa karibu kabisa.

"Apu, inafanya nini?" Hivyo ndivyo anavyomwita mjomba wake.

"Huyu mama ananusa tu. Akisikia harufu ya mtoto wake, anaachilia maziwa."

"Na bila ngozi?"

"Angekapiga teke. Anaweza kukaua."

"Kwa sababu ni kabaya?"

"Hapana." Sankale alikuwa anakaza kamba. "Ni vile tu si kake."

Kakenya akaigusa ile ngozi. "Na akijua amedanganywa?"

"Siku nne. Hiyo siku nne maziwa yake imepita ndani ya hako katoto, inatokea kwa jasho, kwa mkojo, kila mahali. Anakuwa na harufu ya mama mwenyewe. Hapo unatoa ngozi unatupa. Anabaki naye."

Yule mbuzi mweupe alinusa mgongo wa kitoto, akanusa tena, akazunguka. Kisha akasimama, akatanua miguu ya nyuma. Kikaanza kunyonya. Sankale akacheka, mimi pia. Kakenya hakucheka. Midomo yake ilikuwa inatembea, kama anayekariri sheria.

4 Desemba

Amekaa bomani siku nzima. Hataki vifungo.

5 Desemba

Nimemshonea nguo mpya ya kuondoka nayo. Ya samawati, mfuko mmoja. Ndilo nililoweza. Nilikadiria vipimo kwa macho, kwa hiyo huenda isimkae.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilikuwa jikoni nimeinamia jiko, na nilisikia harufu kabla ya kuona kitu. Chaki, na mafuta ya nazi.

Nikageuka. Mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, alisimama mtoto wa kike amevaa sweta ya njano, ameinamisha kichwa. Daftari ni la kuandika nilichoona, kwa hiyo naandika: nilimwona Soipan. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilimwona mwanangu, amerudi, anangoja nimsalimie.

Kisha nikaona mikono ya sweta imeishia katikati ya mikono mirefu isiyo yake, na nikapiga yowe. Roy akaanza kulia chumbani. Nilimrukia. Nilimshika kola kwa mikono miwili. "Vua! Vua hiyo nguo! Nani amekupa ruhusa? Vua!"

Hakunisukuma. Hakuinua kichwa. Alisema chini, kwa ile sauti yake ya kawaida, "Ni siku nne tu, Anti. Siku nne halafu naitoa."

Nje mbuzi mweupe aliita, na kitoto kikaitika.

Kola yake ilikuwa bado mikononi mwangu. Nikauliza swali la kijinga kuliko yote. "Ufunguo ulipata wapi?"

"Kwa kopo ya vifungo. Naijua tangu siku ya mvua ya kwanza."

"Basi kwa nini hukuichukua siku zote hizo?"

"Nilikuwa sijui inafanyanga kazi gani."

Hakuwa analia. Hakuwa amevaa sura yangu wala ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa ameinama tu, utosi wake mbele yangu, anangoja kama alivyongoja asubuhi zote zile za sufuria na pini. Najua alivunja sanduku la marehemu, si kwa nyundo lakini alilivunja. Najua ni mtoto aliyehesabu mpaka arobaini na moja. Nilimwogopa hata dakika hiyo. Nikaachilia kola, nikaweka mkono wangu kichwani mwake. Kilikuwa na joto. Sijui nilitarajia nini.

Lesiamon alifika saa nne na gari lake, matope mpaka madirishani.

"Takwenya, Mama Soipan."

"Iko, shemeji," nikaitikia salamu yake ya Kimaasai.

"Ako tayari?" Kisha akaiona sweta. Aliijua, aliwahi kumbeba Soipan mabegani akiwa ameivaa. Akavua kofia. "Hiyo si ya marehemu?"

"Ni yake," nikasema. "Na huyu haendi."

Sankale aliniangalia kama niliyeongea Kichina.

"Syokau," Lesiamon akasema, na hajawahi kuniita hivyo, "nyumba yangu karibu iungue. Watoto wangu walikuwa ndani. Huyu atakuulia uliyebaki naye."

"Roy hatakaa na yeye peke yao hata dakika moja. Hata pindo la sketi halitanisahaulisha tena. Nitapeleka daftari Kajiado kila wiki. Sijasema amebadilika, shemeji. Nimesema haendi."

Walitoka nje wakaongea Kimaasai muda mrefu kando ya gari. Niliokota maneno machache, na hayakuwa mazuri. Sankale akarudi, akaketi, akamwangalia Kakenya, kisha mimi. "Ni wewe unakaa na yeye mchana," akasema. "Ukiweza, mimi nani?"

Kabla ya kuondoka, Lesiamon alikuta Kakenya amesimama mbele yake, kichwa chini. Alisita sana. Kisha akamgusa kwa vidole viwili, haraka, kama anayepima pasi ikiwa imeshika moto.

7 Desemba

Kanisani na sweta. Wanawake waliitazama, hakuna aliyekuja kunizunguka. Nimemgusa kichwa asubuhi.

8 Desemba

Nimemgusa. Ameniambia mikono yangu ina harufu ya mafuta ya mashine.

9 Desemba

Nimemgusa. Mvua imekatika, jua limetoka, udongo umeanza kupasuka.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua ilimchelewesha Sankale; leo ndipo amekivua kile kitoto ngozi, akaitupa mbali. Mbuzi mweupe alikinusa mara moja, akakiacha kinyonye.

Nilipoingia dukani nilikuta sweta ya njano juu ya mashine, imekunjwa kona kwa kona. Niliichukua nikaiweka usoni. Ilikuwa na harufu ya moshi, ya mbuzi, na ya jasho la mtoto mwingine. Soipan hakuwemo tena. Nilitafuta mpaka kwenye mishono ya kwapa. Hakuwemo. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kwa sauti, kama nilivyolia siku tuliyomzika na sijalia hivyo tangu siku hiyo.

Nilipofungua macho Kakenya alikuwa amechuchumaa mbele yangu na nguo yake ya samawati, ambayo inambana mabegani. Ananitazama kwa makini. Nilidhani anahesabu. Nilingoja anionyeshe sura yangu.

Badala yake alifungua chupa yake, akachagua kwa muda, akatoa kifungo kimoja, kile cheupe kikubwa anachokipenda. Akakigeuza pande zote mbili. Akakiweka kwenye goti langu.

"Hii ni ya nini?" nikamuuliza.

"Umenigusa siku nne," akasema. "Bila kusahau hata moja."

Baada: nilikipokea.